Umerowa kwa mvua au kwa jasho? Kutatua shida za nguo za gofu Malindi

Malindi haina baridi ya kumtisha mcheza gofu. Hata Julai, alfajiri, kipimajoto hakiendi mbali chini ya nyuzi 22, na mchana wake ni 27 au 28. Kinachosumbua ni mabadiliko ndani ya raundi moja: umande saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua saa mbili, upepo wa kusi unaanza kuvuma kwa nguvu saa nne, rasharasha ya dakika kumi kutoka baharini, kisha jua tena kama hapakuwa na kitu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua koti. Mara nyingi koti lenyewe ndilo linalowaharibia mchezo.

Kabla ya kuongeza au kuvua nguo, jua maji yametoka wapi. Ukijihisi umerowa, ingiza kiganja chini ya nguo ya nje, kwanza juu ya bega, kisha katikati ya mgongo, mwisho kwapani. Bega limerowa na kwapa ni kavu: hiyo ni mvua. Mgongo na kwapa vimetota na bega ni kavu: hilo ni jasho. Kote kuna unyevu sawasawa, kama nguo iliyoanuliwa mbichi: nguo ilitoka nyumbani haijakauka, na hiyo ni shida ya kamba ya kuanikia, si ya hali ya hewa. Usiruke hatua hii, maana dawa ya mvua huzidisha jasho.

Shati limeganda mgongoni kabla ya shimo la tatu

Tazama lebo kwanza. Shati la pamba tupu hunywa jasho na kulishikilia. Huwa zito, hujivuta mabegani, na halikauki mpaka ufike nyumbani. Uzi wa poliesta wenyewe haunywi hata asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo jasho hutambaa juu ya uzi na kusambaa, na upepo hulipata. Kwa Malindi tafuta poliesta nyepesi, au poliesta iliyochanganywa na nyuzi kidogo za kunyumbulika, yenye gramu 120 hadi 150 kwa mita mraba. Kama lebo haitaji uzito, weka shati kwenye mizani ya jikoni: la saizi ya kati likipita gramu 200, hilo ni la bara.

Si kila poliesta inafaa. Shati la mtumba lililokatika lebo lipime hivi: ligeuze ndani nje, dondosha nusu kijiko cha chai cha maji mahali pa mgongo, uhesabu hadi thelathini. Maji yakisambaa yakawa doa pana kama kiganja, chukua. Yakibaki tone linaloteleza juu ya kitambaa, au doa dogo jeusi lisilotanuka, jasho lako nalo litakaa hivyo hivyo.

Shati likiwa zuri na bado linaganda, angalia mambo mawili. Moja ni fulana ya pamba ndani, ile ya "kunyonya jasho". Inanyonya kweli, kisha inabaki kama kitambaa cha maji kati ya ngozi na upepo. Ivue. La pili ni kubana: simama wima, shika kitambaa ubavuni kwa vidole viwili. Ukikosa kukunja sentimita tano kila upande, hewa haina njia ya kupita.

Halafu kuna siku za maleleji, hasa Machi kwenda Aprili, kaskazi limekufa na kusi halijashika. Hewa imesimama, imejaa unyevu, na jasho hudondoka bila kupoza mwili, kwa sababu kinachopoza ni jasho kugeuka mvuke na siku hizo haligeuki upesi. Hakuna shati la kushinda siku hizo. Beba la pili kwenye mfuko wa plastiki na ubadilishe baada ya shimo la tisa, tembea na mwavuli uliofunguka hata bila mvua, na anza mapema. Anayekuuzia shati la "kupoza" kwa bei ya mashati matatu anajua huna pa kumrudishia Aprili.

Koti limezuia mvua, lakini ndani nimetota

Hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi, hasa walionunua koti la bei. Lebo huwa na namba mbili, tuseme 10,000 na 10,000. Ya kwanza ni urefu wa safu ya maji, kwa milimita, ambayo kitambaa huweza kuistahimili kabla ya kuvuja. Ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita mraba moja kwa saa 24, zikipimwa maabara. Namba ya kwanza utaiona ikifanya kazi popote. Ya pili inategemea tofauti ya hewa iliyo ndani ya koti na iliyo nje. Mvuke husukumwa kutoka penye unyevu mwingi kwenda penye uchache. Huko Scotland, nje kuna nyuzi 12, tofauti ni kubwa na koti linapumua. Hapa nje kuna nyuzi 27 na hewa imeshashiba maji ya bahari, kwa hiyo mvuke wa mwili wako hauna pa kwenda. Unageuka maji ndani ya bitana, na unamlaumu fundi wa koti bure.

Kwa hiyo kwa pwani usinunue koti kwa namba ya pili. Nunua kwa matundu: zipu chini ya kwapa, mgongo wenye mkato wa kupitisha hewa, na mikono mifupi. Koti la mvua la mikono mifupi linachekesha dukani, ila uwanjani linashinda lile refu. Mikono ikirowa hukauka kwa dakika chache. Kiwiliwili kikifungiwa, kimekwisha. Chukua saizi moja zaidi ya shati lako ili libaki mbali na mwili.

Na rasharasha ya kusi usiivalie koti kabisa. Mvua ya dakika kumi ni ya mwavuli. Uwe wa tabaka mbili zenye mwanya katikati, unaopitisha upepo. Ule wa tabaka moja kusi likiukamata kwenye tii (mahali pa kupigia pigo la kwanza la shimo) iliyo wazi utapinduka kama bakuli. Koti liachie mvua ya masika, Aprili hadi Juni, ile inayoanza polepole na haina haraka ya kwisha. Mvua ikikata, vua papo hapo. Ile "nitavua kwenye tii inayofuata" ndiyo inayojaza maji ndani.

Ngurumo ikisikika, habari za nguo zimekwisha. Kanuni za gofu zinakuruhusu kusimamisha mchezo mara moja ukiona kuna hatari ya radi, bila kungoja kuambiwa. Weka fimbo na mwavuli chini, ondoka kwenye mti ulio peke yake, ingia kwenye jengo au gari.

Koti linavuja mabegani

Hapa kiganja kimekuonyesha kuwa ni mvua kweli. Mwaga maji kidogo juu ya bega la koti. Yakiviringika na kudondoka, kitambaa ni kizima na maji yanaingilia mishononi. Yakinywewa, kitambaa cha nje kimechoka kufukuza maji, na sababu huwa mafuta ya kujikinga na jua, jasho la shingoni, sabuni ya unga isiyosuuzwa ikaisha, au dawa ya kulainisha nguo. Hiyo ya kulainisha ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huacha utando.

Fua kwa sabuni ya maji kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya lita 10, bila kusugua kwa brashi. Suuza mara tatu. Usikamue kwa kusokota, lining'inize lijichuje. Likikauka kabisa, kama lebo inaruhusu pasi, tandika kitambaa kikavu juu yake na upitishe pasi ya moto mdogo, hasa mabegani na mikononi. Joto huiamsha ile dawa ya kiwandani. Rudia kumwaga maji. Yakinyweka tena, nunua dawa ya kupuliza ya kufukuza maji na uipulize koti likiwa safi.

Koti la mtumba ligeuze ndani kabla hujataja bei. Ukiona vipande vyeupe vinabanduka kama mba, au kanda za kwenye mishono zimejikunja pembeni, rudisha. Ule utando wa ndani huoza kwa joto na unyevu, na ukishaanza kubanduka hauponi. Kwa sababu hiyo hiyo usiache koti kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani wiki nzima.

Nasikia baridi, na joto ni nyuzi 26

Hutokea Juni hadi Agosti, ukiwa umesimama kwenye tii unangoja kundi la mbele. Umetembea, umetoka jasho, sasa umesimama na kusi linapita kwenye shati bichi. Sweta halikusaidii, kwani upepo hupenya kwenye matundu ya ufumaji na sufu au pamba hunyonya lile jasho. Unachohitaji ni kizibao chepesi cha nailoni cha kuzuia upepo, kisicho na bitana, cha gramu 100 hadi 150, kinachokunjika kikaingia mfuko wa pembeni wa mkoba. Kizibao hufunika kifua na mgongo, na mikono hubaki huru kuzungusha fimbo.

Kivae ukisimama, kivue ukianza kutembea. Ukimwachia kedi, mbeba mkoba wako, akushikie, sawa, lakini usikifunge kiunoni: mafundo na mikunjo ya kiunoni hukugonga viwiko wakati wa kupiga.

Pigo limefupika tangu nivae nguo ya pili

Jaribu nyumbani, umevaa tabaka zote pamoja. Inua fimbo hadi juu kama unapiga pigo refu, ubaki hapo. Mkono wa koti ukipanda kupita kifundo cha mkono zaidi ya vidole viwili, ni mfupi. Pindo la shati likichomoka kwenye suruali, mshono wa kwapa umekatwa chini mno. Kwapa la nguo ya gofu linapaswa kukaa juu, karibu na mwili, ili mkono uinuke bila kuburuta kiwiliwili. Kitambaa kikikwama kikakunjana begani, tabaka mbili zinashikana: pamba juu ya pamba, au manyoya juu ya pamba. Ya juu iwe na upande wa ndani unaoteleza. Kisha toa simu mfukoni, maana ndiyo mara nyingi inayogonga paja.

Nguo nimeianika jana na asubuhi bado mbichi

Mtu hulaumu kitambaa, kumbe ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na asubuhi nyingi Malindi hupita hapo. Shati lenye jasho la juzi, au lililokaa kwenye upepo wa bahari, limejaa chembe za chumvi. Lianike juani likauke kabisa, usiku hewa inalirudishia maji. Ukiligusa alfajiri linanata. Ukilivaa, umeshaanza raundi na unyevu ambao hukuutoa wewe.

Chanzo cha pili ni maji ya kufulia. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na ukifua na kusuuza humo unaondoa jasho na kuacha chumvi nyingine. Fua kwa maji ya kisima ukipenda, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua. Lita tano zinatosha shati na kaptula. Namna ya kupima: nguo ikishakauka, lamba pindo kwa ncha ya ulimi. Ukionja chumvi, rudia kusuuza.

Mara tu baada ya raundi suuza shati, hata kama hufui. Kamua kwa kubana ndani ya kikoi kikavu, si kwa kusokota, uanike kivulini penye upepo, kola chini. Anua kabla ya magharibi, si asubuhi. Kwa harufu isiyotoka kwenye poliesta, loweka nusu saa kwenye siki sehemu moja na maji sehemu nne, kisha fua kawaida.

Mapaja, miguu na mikono

Mapaja yakichubuka kufikia shimo la kumi, mara nyingi ni nguo ya ndani ya pamba iliyorowa, na chumvi ikageuka msasa. Vaa boksa ya kitambaa cha michezo inayoshuka chini ya mahali panaposuguana, upake mafuta ya mgando kabla ya kutoka nyumbani. Ukipaka baada ya kuchubuka umechelewa.

Miguu hurowa kwa umande kabla hata ya mvua. Beba soksi za pili za mchanganyiko wa poliesta au sufu nyepesi, ubadilishe katikati ya raundi. Viatu vikirowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, uzibadilishe baada ya saa mbili, na usiviweke juani: gundi huachia.

Glavu ya ngozi ikiteleza kwa jasho, usiivae shimo hadi shimo. Uwe nazo mbili au tatu, zipokezane kila baada ya mashimo matatu, zinazopumzika ziwe nje ya mkoba zikipigwa upepo. Ivue pia unaposukuma mpira shimoni, kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo). Iliyorowa inyooshe vidole, ikauke kivulini. Juani hukakamaa kama ganda la samaki mkavu. Kwa mvua kuna glavu za kitambaa ambazo hushika vizuri zaidi zikiwa zimerowa, na kwa hizo unavaa mikono yote miwili. Mshiko wa fimbo upanguse kwa kikoi kilichokunjwa chini ya mwavuli. Taulo nene likirowa limerowa hadi jioni. Kikoi hukauka kwa mashimo mawili.

Ushungi unapeperuka, au shingo inachemka

Mtandio wa hariri au wa shifoni hauhimili kusi, na pini zikizidi hubana shingo ukigeuza bega. Kitambaa cha jezi nyepesi kilichoshonwa tayari kama kofia ya kuvuta kichwani hukaa bila pini, na ncha zake huingizwa ndani ya kola. Juu yake kofia ya ukingo yenye kamba ya kidevuni. Usivae kanzu ya mikono mirefu juu ya shati la mikono mirefu. Shati moja refu, jepesi, linalofika mapajani linasitiri na kupitisha hewa. Kama klabu inadai kola na kuchomekea, waulize kabla ya siku ya mashindano. Huenda wakakubali shati refu lililokatwa pindo lililonyooka.

Nimetoka Malindi kwenda kucheza Limuru, nimeganda

Hapa kanuni zote za juu zinageuka. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na hewa hupoteza kama nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Hesabu ni takriban nyuzi 14 chini ya Malindi siku ile ile, na Julai huongeza ukungu na manyunyu. Mpwani huvaa sweta moja nene juu ya shati la pamba, anatoka jasho kwenye mlima wa shimo la pili, kisha anatetemeka hadi la tisa.

Vaa tatu nyembamba. Ya ndani ya poliesta au sufu laini ya kondoo wa merino, imegusa ngozi bila kubana. Ya kati sweta jepesi la zipu ya nusu, uifungue unapopanda na kuifunga unaposimama. Ya nje koti la mvua, na huku ile namba ya pili ya lebo inaanza kukulipa. Anza ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukiwa na joto zuri kwenye tii ya kwanza, umevaa moja zaidi. Vua ya kati kabla jasho halijatoka. Mikono ndiyo hupoteza hisia ya fimbo mapema, basi weka glavu nene za kuvaa kati ya mapigo, uzivue kupiga.

Ukirudi Malindi, usilifungie sweta la sufu kabatini siku hiyo hiyo. Unyevu lililokuja nao ukikutana na wa pwani, wiki ya tatu lina koga kwenye makwapa. Lisuuze, liache kivulini penye upepo siku mbili, kisha likunje kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, na ulitoe nje tena kaskazi likianza kuvuma.